Je, Mja Aweza Kumdhamini Mja Mwenziwe?

Miongoni mwa mafunzo ambayo Waislamu na Wakristo wa Pwani hii huyapokea tangu utotoni, yakatulia nyoyoni mwao kabla hawajajua kuyahoji, ni kwamba kila nafsi itaulizwa kwa amali yake yenyewe, na kwamba Siku ya Hesabu baba hatambebea mwana mzigo wake wala mwana hatambebea baba. Na hata hivyo, asubuhi za siku za kazi, katika mahakama za Mombasa na Kwale, za Kilifi na Malindi na Lamu, husimama mtu asiyetuhumiwa kwa lolote, akashika Msahafu au Biblia, akaapa kwamba mwenziwe aliyeshtakiwa atarudi siku aliyopangiwa, na kwamba asiporudi, yeye aliyeapa ndiye atakayelipa. Ukiyatazama mambo haya mawili kwa pupa, yaonekana kupingana. Maana ikiwa hapana mbebaji abebaye mzigo wa mwingine, ni kwa haki gani hakimu humtoza mjomba kwa sababu mpwa wake ametoroka? Swali hili nimeliona linastahili kujibiwa kwa utulivu, kwa kuwa jawabu lake halimhusu mwanachuoni peke yake, bali lamhusu kila mtu ambaye usiku mmoja huenda akagongewa mlango na jamaa zake na kuombwa akatoe dhamana.

Yafaa kwanza tufahamiane jinsi mambo yenyewe yaendavyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 50, humhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka kinyume chake kithibitishwe. Na katika Ibara ya 49 huamuru kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, wala isizidi saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia wakati mahakama imefungwa, ndipo angojee siku ya mahakama inayofuata. Ibara hiyo hiyo humpa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, ila pawepo na sababu nzito za kumzuia, na hukataza kabisa kumweka rumande mtu ambaye kosa lake, hata likithibitika, adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6. Chini ya Katiba ipo Sheria ya Mwenendo wa Jinai, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1930 wakati wa utawala wa Waingereza, na ambayo, pamoja na marekebisho yake mengi, ingali ndiyo inayowaongoza mahakimu katika kuita watu, kuwakamata na kuwaachilia.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mahakama inapomtaka mtu ina njia mbili: kumwandikia samansi, ambayo humtaka aje kwa miguu yake mwenyewe, au kutoa hati ya kukamatwa, ambayo humwamuru ofisa amlete. Hati hii ni amri ya hakimu, wala polisi hawajiandikii. Lazima itiwe sahihi, itaje kosa kwa ufupi, na imtaje anayetakiwa au imweleze kwa namna ya kumpambanua na wengine. Tena haifai kutolewa mwanzoni mwa shauri ila kwa malalamiko yaliyotolewa kwa kiapo, ili uhuru wa mja usiondolewe kwa uvumi wa barazani, bali kwa neno ambalo aliyelisema amelifunga kwa yamini mbele ya Mola wake. Ofisa anayeitekeleza hupaswa kumweleza mtu yaliyomo, na akiulizwa, amwoneshe hati yenyewe. Hakimu aweza pia kuandika juu ya hati hiyo hiyo kwamba mtu huyo akitoa wadhamini wa kutosha aachiliwe papo hapo, mpaka siku atakayotakiwa kufika; na katika hili mna hekima kubwa, kwa kuwa sheria, hata inapoinua mkono wa kukamata, huwa imekwisha kufikiria namna ya kuachilia.

Jambo moja wengi hawalijui, na kutolijua kumewadhuru: hati ya kukamatwa haichakai. Hudumu na nguvu yake mpaka itekelezwe, au mpaka ifutwe na mahakama iliyoitoa, hata ipite miaka. Mtu aliyekosa siku yake ya kesi kwa ugonjwa, au kwa msiba, au kwa kuikosea tarehe aliyoambiwa na karani, aghalabu huingiwa na hofu akajificha, akidhani kwamba wakati utalisahaulisha jambo lake. Kumbe kila siku anayojificha huongeza shaka juu ya nia yake, na siku atakapokamatwa njiani kwa jambo dogo, hati ile itakuwa ingali hai kama siku iliyotiwa sahihi. Nasaha iliyo bora kwake ni kwenda mwenyewe masjala ya mahakama, na cheti cha hospitali au barua ya chifu mkononi, aombe shauri lake litajwe mbele ya hakimu na hati ifutwe. Maana aliyekuja kwa hiari yake huwa amekwisha kujibu, kwa kitendo chake, swali kubwa kuliko yote ambayo hakimu angemuuliza, nalo ni kama yeye ni mtu wa kukimbia.

Sasa tuutazame mwili wa mahabusu. Mtu aliyenyimwa dhamana, au aliyepewa dhamana asiyoiweza, huenda gerezani, na kwa wakazi wa Mombasa gereza hilo ni Shimo la Tewa. Zamani zaidi ilikuwa ni Ngome ya Yesu, iliyofanywa jela tangu mwaka 1895 hadi 1958. Huko atalala nyuma ya mlango uliofungwa sawa na mfungwa aliyehukumiwa, ilhali Katiba yasema kwamba yeye hana hatia. Wenye kuitetea desturi hii husema kwamba kumzuia mtu kabla ya hukumu si kumwadhibu, na katika elimu ya dini kauli yao ina asili: imepokewa katika hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimzuia mtu kwa tuhuma kisha akamwacha huru. Lakini tuizingatie hadithi hiyo kwa ukamilifu wake, kwa kuwa kuachiliwa ni sehemu yake kama kulivyo kuzuiliwa, na tuhuma ilikuwa na kikomo. Kizuizi kinachodumu miezi na miaka kwa sababu ya umaskini wa aliyezuiliwa kimekwisha kuwa adhabu, hata kikipewa jina lingine.

Na ushahidi wa jambo hili umo ndani ya sheria yenyewe. Mahakama inapompa mtu kifungo, hutakiwa izihesabu siku alizokaa rumande; kwa hiyo yule aliyethibitika kuwa mkosa hurudishiwa siku zake kwa kupunguziwa kifungo. Je, yule aliyeonekana hana hatia, naye amekwisha kukaa rumande mwaka mzima, arudishiwe kutoka wapi? Hana kifungo cha kupunguzwa. Mwenye kosa amelipwa siku zake, na asiye na kosa ametoka mikono mitupu, kazi imepotea, na mtoto aliyemwacha akitambaa sasa atembea na hamjui. Hapa akili ya mwanadamu hukutana na mpaka wa uadilifu wake. Kwa kuwa hatuwezi kumrudishia mtu umri wake, yatupasa tuogope kuuchukua kabla hatujapata yakini.

Kwa ajili ya hofu hiyo ndipo ilipowekwa dhamana. Hakimu aweza kumwachilia mtu kwa ahadi yake mwenyewe, au kwa fedha taslimu zitakazowekwa mahakamani, au kwa mdhamini. Fedha taslimu si faini wala si hongo. Shauri likiisha, mshtakiwa awe ameshinda au ameshindwa, maadamu alikuwa akifika siku zake, fedha hizo hurudi kwa aliyeziweka, na ndiyo maana yapasa risiti itunzwe kama inavyotunzwa hati ya nyumba. Dhamana ya polisi nayo haina ada. Anayedai malipo ili aitoe anadhulumu.

Njia ya tatu, yaani ya mdhamini, ndiyo iliyo karibu zaidi na swali letu. Mtazame mdhamini anapoitwa mbele ya hakimu. Mara nyingi ni mama mtu mzima, amejifunga leso juu ya buibui, mkononi ana bahasha iliyokunjika pembe, na ndani yake mna hati miliki, cheti cha upekuzi kutoka ofisi ya ardhi, nakala ya kitambulisho, na barua ya chifu. Huapishwa, kisha huulizwa: "Mshtakiwa ni nani wako?" Naye hujibu, "Ni mtoto wa ndugu yangu, Mheshimiwa." "Anakaa wapi?" "Kwangu mimi, nimemlea." "Wafahamu kwamba asipofika mahakamani, shamba hili laweza kuuzwa?" Hapo hupita kimya kifupi, na kijana aliye kizimbani huinamisha uso, kisha mama husema, "Nafahamu, Mheshimiwa. Atakuja." Neno hilo la mwisho hakuulizwa, wala sheria haikulihitaji, lakini ndilo lililobeba dhamana yote, kwa kuwa shamba lilikuwa ni la kuiridhisha mahakama, na "atakuja" lilikuwa ni la kumfunga kijana.

Turudi basi kwenye maandiko, kwa maana jambo hili halikuzaliwa katika mahakama za Waingereza. Katika kisa cha Nabii Yusuf, Nabii Yaakub hakukubali kumtoa mwanawe mdogo aende Misri mpaka wakubwa zake walipompa ahadi thabiti kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba watamrudisha, isipokuwa wazingirwe na jambo wasiloliweza. Na katika Taurati ni Yuda aliyejitoa awe mdhamini wa nduguye, akataka adaiwe yeye endapo hatamrudisha. Kisha kikombe cha mfalme kilipoonekana katika mzigo wa yule mdogo, nduguze wakaomba mmoja wao achukuliwe mahali pake, na Yusuf akajikinga kwa Mungu na dhuluma ya kumkamata asiyekuwa yule aliyekutwa na kitu hicho. Zingatia, ewe msomaji, kwamba visa hivi viwili vimo ndani ya sura moja ya Qur'ani, na havipingani. Ahadi ya kumrudisha ndugu ilikubaliwa. Kumfunga ndugu kwa kosa la nduguye kulikataliwa. Na aliyelikataa ni Yusuf, ambaye mwenyewe alikwisha kukaa gerezani miaka kwa uzushi, akasahauliwa na yule mwenziwe wa kifungoni ambaye alimwomba amtaje mbele ya bwana wake. Akajua, kwa mwili wake, uzito wa kuzuiliwa pasipo hatia na pasipo mtu wa kukusemea.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa Pwani hii, waliipambanua tofauti hiyo kwa uangalifu mkubwa. Katika Minhaji ya Imam Nawawi, kitabu cha karne ya 13 ambacho vizazi vya wanafunzi wa misikiti yetu wamekisoma, imo milango ya kudhamini deni na kudhamini mwili wa mtu, yaani kuahidi kumhudhurisha. Kumdhamini mtu kunahitaji ridhaa yake; aliyedhaminiwa akighibu mahali panapojulikana, mdhamini hupewa muhula wa kwenda na kurudi ili amlete; ikiwa mahali pake hapajulikani, halazimishwi kumleta; na aliyedhaminiwa akifa akazikwa, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, mdhamini hadaiwi mali iliyokuwa juu ya maiti. Mabwana hawa walijua kwamba anayeahidi kumleta mtu ameahidi juhudi yake, wala hakuwa mwenziwe kwa dhati.

Hapo ndipo lilipo jawabu ninaloliamini. Mdhamini habebi dhambi ya mwenziwe hata kidogo. Mshtakiwa akiwa ameiba, wizi ni wake, na akitoroka, kutoroka ni kwake. Anachokibeba mdhamini ni ahadi aliyoitamka kwa ulimi wake, na ahadi ni deni. Akidaiwa, hudaiwa kwa amali yake yenyewe, nayo ni kwamba aliiambia jamii, "Namjua mtu huyu, na nitamleta." Kwa hiyo mafunzo ya dini na desturi ya mahakama havikupingana, na kama havikupingana, basi vyatufunza jambo moja, kwamba ahadi ya mtu anayemjua jirani yake yaweza kufanya kazi ambayo pasipo hiyo ingefanywa na kuta za gereza.

Sheria yetu ya leo kwa sehemu yaafikiana na jawabu hili. Mdhamini akifa kabla ya dhamana kutaifishwa, urithi wake huachiliwa na mzigo huo. Akiona kwamba mshtakiwa hamsikii tena, na kwamba nia yake imegeuka, aweza kumwendea hakimu akaomba avuliwe dhima. Hapo hakimu hutoa hati ya kukamatwa kwa mshtakiwa, na akiletwa, hutakiwa atafute mdhamini mwingine, na akimkosa aweza kurudishwa rumande. Mshtakiwa akitoroka, mdhamini huitwa ajieleze kabla ya kutozwa, na mahakama inayo ruhusa ya kumsamehe sehemu ya fedha. Lakini sheria ina makali yake: asiyelipa, mali yake huweza kukamatwa na kuuzwa, na isipotosha, mdhamini mwenyewe aweza kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6. Kwa yule aliyemfichia mtoro njia, ukali huo ni insafu. Kwa yule aliyemtafuta bandarini, vituo vya mabasi na kwa jamaa wa mbali, akatoa habari polisi, kisha asimpate, naona kauli ya wanavyuoni wa kale ina rehema ambayo mahakimu wetu wangeweza kuitumia kwa ile ruhusa waliyo nayo.

Lililo zito zaidi kuliko hilo ni kipimo cha mdhamini. Sheria yataka wadhamini wa kutosha, na yaagiza kwamba kiasi cha dhamana kisipindukie. Haikusema popote kwamba anayetosha ni mwenye hati miliki peke yake. Lakini desturi imekuwa ni kuuliza hati miliki, au kitabu cha gari, au karatasi ya mshahara, na katika Pwani hii desturi hiyo ina dhuluma ya peke yake. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ya ukanda wa bahari wayapeleke yaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme. Watu wengi, hasa wa Mijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo wala si ya mtu mmoja, walibaki nje ya daftari, na wajukuu wao hata leo huitwa maskwota juu ya udongo walimozikwa wazee wao. Mzee wa namna hiyo, aliyekaa kijijini miaka 70, anayejulikana na kila mtu, ambaye akimwambia kijana "nenda mahakamani" kijana huenda, ataonekana na karani kuwa hatoshi. Na mtu wa mji wa mbali asiyemjua mshtakiwa ila kwa malipo aliyoahidiwa, lakini mwenye hati katika bahasha, ataonekana kuwa atosha. Hapo karatasi imeshika mahali pa uhusiano uliokuwa ndio roho ya dhamana, na mwenye umaskini amezuiliwa kwa jambo lililotendwa daftarini kabla ya kuzaliwa kwake.

Najua litakalosemwa na upande wa pili, nao wastahili kusikizwa. Aliyeibiwa ana haki yake. Mwanamke aliyepigwa na mumewe, akamwona mumewe amerudi mtaani jioni ile ile, ana haki ya kulala pasipo hofu. Shahidi ana haki ya kusema bila ya kutishwa. Ndiyo maana Katiba imeacha nafasi kwa sababu nzito, na hakimu anayemnyima dhamana mtu aliyekwisha kutoroka kabla, au anayethibitika kuwatisha mashahidi, hajamdhulumu. Vitabu vya hekima vya Biblia navyo vyaonya mara kadhaa dhidi ya kudhamini kwa wepesi, na maonyo hayo ni ya kweli. Anayemdhamini asiyemjua ameiambia mahakama jambo asilolijua, na huo ni karibu na ushahidi wa uongo. Lakini sababu nzito yataka ithibitishwe kwa hoja, na umaskini haumo katika sababu hizo. Kumwekea mchukuzi wa bandarini kiasi asichoweza kukipata kwa mwaka mzima ni kumnyima dhamana, pasipo kubeba dhima ya kueleza kwa nini amenyimwa.

Zipo njia zilizokwisha kufunguliwa. Mwongozo wa dhamana uliotolewa kwa ajili ya mahakama za Kenya mwaka 2015 umeweka nafasi ya ripoti ya ofisa wa urekebishaji tabia, ambaye huenda kijijini, akauliza kwa jamaa, kwa majirani na kwa chifu, ili hakimu ajue mshtakiwa amefungamana na nani. Ripoti kama hiyo hupima kile kile alichokipima Nabii Yaakub, ambaye hakuwaomba wanawe shamba. Hakimu anayeiagiza, akaisoma, kisha akamkubali yule mzee asiye na hati kuwa mdhamini, hajailegeza sheria. Amelitumia neno lake la "kutosha" kwa maana iliyokusudiwa.

Na kwa upande wetu sisi tusiokuwa mahakimu, dhima haipungui. Mshtakiwa aliyeachiliwa kwa neno la mama yake, kisha akavuka mpaka usiku, amemdhulumu mama yake kwanza. Amewadhulumu pia maskini wote watakaosimama kizimbani pale baada yake, kwa sababu kila mtoro humfanya hakimu aongeze kiasi na apunguze imani. Mdhamini naye asidhani kwamba kazi yake iliisha alipotia sahihi: amkumbushe mwenziwe tarehe, amsindikize ikihitajika, na akiona hatari aende kwa hakimu mapema. Mja aweza kumdhamini mja mwenziwe, na ni ibada kufanya hivyo kwa haki; lakini awe amemjua, awe amekusudia kumleta, na jamii iliyompokea kuwa mdhamini iwe imemtazama yeye na uhusiano wake kabla ya kuitazama bahasha yake. Mahakama itakayofanya hivyo haitapoteza washtakiwa wengi zaidi kwa sababu ya huruma yake, kwa kuwa mtu huona haya kumkimbia anayemjua kuliko anavyoogopa kuikimbia karatasi, na haya hiyo ndiyo rasilimali ambayo maskini wa Pwani hii hawakunyang'anywa na daftari la mwaka 1908.